Ya Mwisho Yako

Tarehe 9 Juni

Wifi yangu,

Shikamoo. Na kaka mfikishie shikamoo yake, ila mpigie kelele kwenye sikio la kulia. La kushoto najua limeshamalizwa na ile mashine yao ya kupasulia lami. Mama yako magoti yanasemaje? Mimi mzima, kikohozi tu. Humu ofisini wanawasha baridi utadhani wanahifadhi samaki.

Barua yako ya nne nimeipata. Nimefurahi, lakini wifi, mbona hunijibu? Mara tatu nimekuuliza kama ile dawa ya kifua imekusaidia. Kimya. Nimekuuliza upana wa mabega nikununulie sweta. Kimya. Simu nayo ndiyo hiyo ilizama ndooni, mwaka unafika nusu hamjapata nyingine. Halafu barua zote nne unazimaliza vilevile: "Naishia hapa, mvua inakuja, nakimbia kuanua nguo." Nimemsomea Bi Barafu, yule mama anayetunza majokofu ya maabara yetu. Kacheka mpaka kashika meza. "Huko kwenu mvua haikatiki? Au wifi yako anafua kila siku ya Mungu?"

Uliwahi kuniomba nikueleze kazi yangu kama namweleza mtu anayemenya vitunguu. Haya, menya. Kuna vijidudu, vidogo mno, huvioni kwa macho. Wenzangu wanavipasua, wanatupa maganda, wanabaki na uji wa ndani. Uji ule hauna uhai tena. Hauzai, haukui. Lakini mitambo yake imebaki mizima. Ukiuweka kwenye kichupa, ukaupa chakula na maelekezo ya kitu unachotaka, unakutengenezea protini, zilezile ambazo mwili unatengeneza. Nyingine ni dawa. Unafanya kazi masaa machache, halafu unasimama.

Mimi kichupa sishiki. Naandika hesabu kwenye kompyuta: chakula kiasi gani, mitambo mingapi, kasi gani. Kompyuta itabiri uji utatoa nini na utasimama lini, ili watu wasipoteze vichupa mia kwa kubahatisha. Sasa hesabu yangu inasema masaa manane. Kichupa kinasimama kwenye la tatu, na chakula bado kimo. Miezi sita nimekwama hapo hapo. Mkuu wangu amenipa mpaka mwisho wa mwaka, nikishindwa anampa mwingine.

Nijibu, wifi. Hata mstari mmoja. Na safari hii jibu nilichouliza.

Ni mimi, Kijiti wako.


Tarehe 2 Julai

Mdogo wangu.

Marahaba. Mama mkwe magoti yaleyale. Paa linavuja palepale. Sikio umeshalisema mwenyewe.

Huu mwandiko ni wangu. Usishangae mistari inateremka. Mimi darasa la tatu, na mkono umezoea sururu.

Wifi yako amefariki. Tarehe kumi na nne mwezi wa pili. Kifua. Tulizika kesho yake.

Barua ulizopata aliandika yeye, akiwa hai. Siku mbili, kitandani, mvua inanyesha. Ndiyo hiyo mvua yako. Nguo hakuanua yeye, alianua mama mkwe. Na simu haikuzama. Aliizima mwenyewe, iko kabatini. Alisema ukisikia sauti yake utajua, utaacha kazi uje, na ukija hurudi tena. Nikamwambia hii si haki. Akaniambia nyamaza, kazi yako wewe ni posta.

Bahasha zilikuwa tano. Maneno yake ni haya, sijaongeza: "Hizi nne mpelekee, kila mwisho wa mwezi moja. Ya mwisho yako." Akageukia ukutani akalala. Hakuzungumza tena sana baada ya hapo.

Nne nimepeleka. Ya tano ipo. Haina anwani, nafikiri nguvu zilimwishia. Ya mwisho yako, yaani ameniachia mimi niamue siku ya kuipeleka. Sijaamua.

Ulipouliza dawa ya kifua nikashindwa kuendelea. Nyapara alinikuta nimekaa ndani ya mtaro na barua yako. Akasema, "Sururu, unachimba bomba au kaburi?" Watu wakacheka. Sikumjibu.

Sweta usinunue.

Kaka yako.


Tarehe 20 Julai

Kaka,

Shikamoo.

Miezi minne nimemwandikia mtu aliye chini ya udongo. Nimemtania. Nimemlaumu hanijibu. Na wewe ukazipokea barua zangu, ukaziweka, ukaenda posta kutuma za kwake kama mtu anayepeleka mkaa.

Mwanamke yule alinikuta nina miaka saba, mama hayupo, nimekonda kama kijiti cha kiberiti, jina ndipo aliponipa. Siku ya kwanza ya shule niligoma, akanibeba mgongoni na ubao wangu mpaka mlangoni mwa darasa. Leo mmeninyima hata konzi moja ya udongo ya kumtupia. Wewe ulikuwepo. Mimi nilikuwa nahesabu vichupa.

Nitumie hiyo bahasha ya tano. Ni yangu. Sina la kuongeza.


Tarehe 11 Agosti

Mdogo wangu.

Marahaba. Mama mkwe anakusalimu. Alianza kusema salamu akaishia kulia, kwa hiyo zikatie hapo.

Una haki ya kukasirika. Kasirika.

Bahasha siileti. Bado.

Ile barua yako ya Juni nimeirudia. Siku tatu, neno kwa neno, kidole juu yake. Sijaelewa yote. Hilo la kitu kilichokufa kinaendelea kufanya kazi nimeelewa, mtaroni kwetu tuko hivyo wengi. Lililonisumbua ni la kusimama. Unasema chakula kimo, mitambo mizima, uji umesimama.

Miaka ishirini na sita nafukua mabomba. Maji yakikatika, wakubwa wote wanakimbilia juu kuangalia tangi. Tangi limejaa. Wanakuna vichwa. Mimi nakwenda chini. Mara nyingi juu maji yapo, chini kumeziba. Huo uji wenu ukila, uchafu wake unakwenda wapi? Kichupa si kimefungwa?

Mimi sijui kitu. Nimeuliza tu.

Kaka yako.


Tarehe 30 Septemba

Mdogo wangu.

Hujajibu. Posta nimekwenda mara sita. Yule wa dirishani sasa ananitikisia kichwa nikiwa bado mlangoni.

Mama mkwe alitaka nguo za marehemu zigawiwe. Nimempa zote, nimebakiza gauni la kijani. Kaniuliza, "Utalivaa wewe?" Nikamwambia ndiyo, Jumapili. Tukacheka wote wawili.

Nyapara amenihamisha, sishiki tena mashine ya lami. Anasema nikiitwa sisikii, iko siku nitafukiwa. Sasa nabeba mabomba.

Kama na wewe umekufa, mtu aniandikie. Nimechoka kungoja dirishani.

Kaka yako.


Tarehe 12 Oktoba

Kaka,

Shikamoo. Sijafa. Nisamehe. Kila nikianza kukuandikia, mkono unaandika "Wifi yangu", nachana.

Mwambie mama mkwe wako nimekata zile salamu zake pale zilipofika, na zimetosha. Na wewe kula. Usiniambie unakula, najua wewe ukiwa peke yako unakunywa chai unaita chakula.

Nikueleze habari ya uchafu. Niliposoma swali lako nilikasirika zaidi. Nikasema huyu amenificha msiba, sasa anataka kunifundisha kazi. Uchafu nilikuwa nao kwenye hesabu! Kila mtu wa kazi hii anao. Wiki mbili baadaye nikaurudia mstari wangu nione niliuwekaje. Niliuweka kama takataka iliyosukumwa pembeni, imekaa tu, haimsumbui mtu. Sikuuliza inagusa nini. Kumbe mabaki ya chakula yanaishika chumvi moja ambayo mitambo haiwezi kwenda bila hiyo. Chakula kipo, mitambo mizima, chumvi imekamatwa. Nikaandika hivyo. Kompyuta ikasema masaa matatu na dakika kumi. Ndipo kichupa kinaposimama, kaka. Palepale.

Bi Barafu akaujaribu uji ndani ya kifuko cha utando mwembamba, uchafu upenye nje, chumvi mpya iingie, protini zibaki. Ukaenda masaa kumi na moja. Alirusha glovu juu. "Huyo kaka yako ana shahada gani?" Nikamwambia, ya sururu.

Nilikwenda chooni nikalia. Kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi tayari nimwandikie wifi.

Nimezipanga zile barua nne mezani kwangu. Wino mmoja, kalamu ilikuwa inakata, imekata zote. Mimi ndiye mtu ninayelipwa kujua kitu kisicho na uhai kinaweza kuendelea kutoa kwa muda gani. Kimepita mikononi mwangu mara nne, sikukiona. Wifi hakuwa na kompyuta. Alihesabu miezi minne, akanifikisha.

Nina swali. Kwenye barua zake zote, tangu niondoke, huwa anaandika: "Kaka yako anasema, mwambie mdogo wangu mpendwa asome." Hilo neno mpendwa lilikuwa lako au lake? Tangu uandike mwenyewe sijaliona.

Na bahasha. Mwezi wa saba nilikuamuru. Sasa nakuomba. Nimebaki naye kwenye hiyo tu.

Kijiti.


Tarehe 5 Novemba

Mdogo wangu.

Marahaba. Paa nimeziba. Mama mkwe amehamia chumba cha mbele, anasema huko jua linamfikia magotini. Chakula anapika yeye, kwa hiyo nakula, nikikataa ananitupia mwiko.

Kichupa kimeniletea furaha. Nimemweleza nyapara. Amesema na sisi wa mtaroni tufungiwe huo utando, uchafu utoke, sisi tubaki.

Nilikuwa nasema mwambie asome. Mengine wifi yako alikuwa anajua mwenyewe kuandika.

Bahasha. Nakwambia mara moja, usiniulize tena.

Iko kabatini, chini ya simu yake. Nikitoka kazini nanawa, naifuta mikono, naishika. Nene. Karatasi nyingi humo. Sijaifungua, naona si yangu. Nikiipeleka posta, amemaliza kusema. Sasa hivi bado ana la kusema. Siku nikiitoa, ndiyo nimezika.

Wewe una nne. Na za nyuma, za miaka yote. Mimi sina hata moja. Tumekaa nyumba moja miaka ishirini. Nani anamwandikia mtu wanayelala naye chumba kimoja? Alikuwa akitaka kitu ananigusa bega, la upande wa sikio zima, nageuka. Basi. Hivyo havikai kabatini.

Niachie.

Kaka yako.


Tarehe 28 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Na mama mkwe wako pia, na mwiko wake.

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za ofisi. Sikufika juu. Watu walinipita, mmoja akaniuliza kama nimeteguka.

Mkuu wangu amekubali hesabu. Kazi haiendi kwa mwingine. Nilitaka ulijue hilo kwanza.

Sasa nisikilize, sikio la kulia. Nimechukua barua yako ya Julai, nimenakili maneno yake kwenye karatasi nyingine, kama ninavyofanya hesabu ikigoma. "Hizi nne mpelekee. Ya mwisho yako." Zile nne zina anwani yangu kwa mkono wake, mpaka sanduku la posta, hakuacha hata nukta. Ya tano haina. Umesema nguvu zilimwishia. Kaka, mtu aliyejaza bahasha ikawa nene hivyo, angeshindwa mstari mmoja wa anwani?

Hakukuachia kuamua siku. Wewe mwenyewe umeuliza, nani anamwandikia mtu wa nyumba moja, na angemwekea anwani ya nini?

Ya mwisho ni yako. Barua. Yako wewe.

Ukweli mwingine. Hili nililiona siku ileile, pale ngazini. Nimekaa nalo siku nne bila kuandika. Niliwaza, nikinyamaza, iko siku atalainika anitumie. Nilikuwa naitaka, kaka. Nilikuwa naitaka sana.

Fungua. Usinieleze alichoandika kama hutaki.

Kijiti.


Tarehe 19 Desemba

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Mama mkwe mzima, yuko hapa pembeni, anataka kujua naandika nini. Nimemwambia namsema yeye.

Nimefungua. Nilizunguka siku tano kwanza. Nilipanga vyombo, nikafunga mlango wa choo uliokuwa umelegea, nikaishiwa vya kufanya. Nikamwita mama mkwe akae. Nikatumia kisu cha jikoni nisije nikachana.

Hakuna barua.

Karatasi ishirini, tupu. Zote amezipigia mistari, penseli na rula, mmoja mmoja, mipana ile ya mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye karatasi za mwisho mistari inatetemeka. Katikati bahasha nne, zina anwani yako, stempu amebandika. Mama mkwe akasema, "Kumbe ndiyo maana aliniomba rula. Nilidhani homa."

Nilikasirika. Nisikufiche. Miezi kumi nimeshika kitu nikidhani kina neno langu. Nikazigeuza zote, mbele, nyuma, nikaziinua dirishani. Karatasi ya kwanza tu ilikuwa na kitu, maneno matatu juu. Basi. Nikazirudisha kabatini nikaenda kazini. Nikaangusha bomba mguuni. Nyapara akanirudisha nyumbani, mguu umevimba, si mbaya.

Ndiyo nikakaa. Hakuna pa kwenda, mguu juu ya ndoo. Nikazitoa tena. Nikaona jinsi alivyopiga mistari. Alikuwa akiniona nasaini karatasi za kazini, jina langu linaanzia juu linaishia chini, anacheka: "Mume wangu, jina lako linaingia mtaroni." Alijua siku zake zikiisha, barua zako kwake zitaisha. Alijua mimi sitaandika, nitasema sijui, nitasema mistari inateremka.

Unaona sasa haiteremki.

Nilikuficha jingine. Nyapara aliponiuliza bomba au kaburi sikumjibu kwa sababu kaburi nilichimba mimi. Watu walitaka kunipokea, nikakataa. Ni kazi ninayoijua. Chini kule udongo ulikuwa mwekundu, laini, hauna jiwe. Nilitoa kidogo kabla hatujafukia. Nimeuweka kwenye kopo la rangi lenye mfuniko, uvunguni. Uliponiandikia konzi ya udongo nilitaka kukwambia, nikaona utadhani najitetea. Ni wako. Ukipata likizo uje uutupe mwenyewe. Pale juu pamedidimia kidogo, nimepaacha hivyo, pana nafasi.

Karatasi zimebaki kumi na saba. Mbili nimeharibu.

Yale maneno matatu ya juu sikuandika mimi. Umeshaona mwandiko. Mama mkwe kaniambia chukua karatasi nyingine uanze na ya kwako, nikakataa. Lile la tatu uliniuliza mwezi wa kumi ni la nani, nikakuzungusha.

Mwandiko ni wa wifi yako. Neno ni langu.

Kaka yako.